Namba Nne Ubavuni mwa Tairi

Yuma, Arizona
Machi 9

Kaka yangu mpendwa Curtis,

Salamu nyingi zikufikie huko Oregon, wewe na Marlys na yule mbwa wenu mnene. Mgongo vipi, bado unakusumbua? Sisi huku wazima. Goti la Mama linamuuma asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa. Jana kaniambia napika mayai kama mtu anayeyachukia.

Nakuandikia kwa ajili ya gari-nyumba la marehemu Baba. Mama ameamua kwamba Aprili nane atatimiza miaka themanini na miwili akiwa kwako, na ndege hapandi ng'o. Anataka kuja na gari lile lile, alale kitanda chake, achemshe chai kwa birika lake. Basi mwezi mzima niko uvunguni mwa gari la miaka ishirini na sita, nywele zimejaa grisi.

Usinicheke, nimejitahidi. Nimepanda paani nikabandua gundi iliyopasuka kwa jua, nikapaka mpya. Kila kiungo cha bomba la gesi nimekipaka povu la sabuni, na kimoja nyuma ya jiko kikatoa mapovu, nimekibadilisha. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, nimeyamwaga yote. Rudy, jirani yetu hapa kwenye kambi ya magari-nyumba, alikuwa ananisimamia kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, akisema nashika spana kama kijiko cha supu. Akaniuliza mbona tairi siziangalii. Nikarudi zangu uvunguni.

Sababu unaijua nusu. Miaka saba iliyopita, hapa hapa, mbele ya Rudy na wenzake, ulichuchumaa ukasoma zile namba nne ubavuni mwa tairi, za wiki na mwaka zilipotengenezwa. Ukamwambia Baba zina miaka kumi na moja, zimekufa. Baba akakuonyesha kashata, yale meno ya tairi, nzima kama za dukani, maana gari lenyewe linasimama miezi tisa kwa mwaka. Wewe ukasema, "Baba, jua limeshazila kwa ndani. Ukimpakia Mama humu utamuua." Akakufukuza. Mkanuniana mpaka tukamzika.

Sasa ngoja nikwambie nusu ya pili. Wiki mbili baada ya wewe kuondoka, Baba aliniomba nimsindikize kwa fundi wa tairi mjini. Akabadilisha zote sita. Alisimama pale kofia mkononi, akaniapisha: "Usimwambie Curtis. Nitampelekea gari mwenyewe, azisome namba kwa macho yake." Tuliporudi kambini akazivalisha vile vifuniko vya kuzuia jua, Rudy asije akaziona. Kila kiangazi alisema mwaka huu lazima twende Oregon. Mara moyo ukamsumbua, mara macho, na mara nyingine ilikuwa aibu tu.

Siku ya mazishi nilikuona umesimama nyuma peke yako. Nilikuwa na hasira kwamba hukuja alipolazwa, nikakunyima neno ambalo lilikuwa lako. Ni mwaka mzima sasa, kaka, na kila nikilikumbuka linanichoma. Nisamehe.

Juzi nilimwambia Mama. Alilia, kisha akacheka, akasema ndivyo alivyokuwa mzee wake. Halafu akahesabu kwa vidole: miaka saba. Akasema tairi za umri huo anataka ziangaliwe na mtu anayezijua, siyo mimi wala Rudy.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi anapanda kiti cha mbele, anafunga mkanda, anapakata mkoba wake, na injini imezimwa. Anasema gari haliondoki mpaka uje usome namba, kama Baba alivyotaka, halafu uendeshe wewe.

Msalimie sana Marlys, na Rudy anakusalimu. Vifuniko nimevitoa, na ubavu wa kila tairi nimeusugua kwa brashi. Namba zinasomeka.

Mdogo wako akupendaye,
Verna