Karibu Mbele

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako bado inanichekesha, maana kwa ukoo mimi ni bibi yako, lakini kwa umri ni kama dada. Hapa Kariakoo hatujambo. Dada yangu, bibi yako hasa, mguu umepona na amerudi kuuza vitenge.

Unauliza kama ukubali kukaa mbele kwenye mtumbwi wa shule, kwa kuwa mwalimu amesema ni nafasi ya heshima.

Nilipokuwa kidato cha pili nilienda likizo kwetu Rufiji. Mto ulikuwa umetulia, ndege weupe wamejaa ukingoni. Binamu yangu Hamisi akaniita, "Njoo mbele, mtoto wa mjini, ukae kama bibi harusi." Nikakaa, najiona. Kisha nikauona mchanga mzuri ng'ambo, nikataka twende. Nikapiga kafi kwa nguvu zangu zote. Mtumbwi ukaenda alikotaka yeye.

Akacheka. "Huko unachota maji tu, bibi harusi. Anayeongoza yuko nyuma."

Hasira ile sijaimaliza, maana nilipewa nafasi ya kupendeza na nikashukuru. Juzi kwenye kikao cha wauza vitenge wakaniambia tena, "Dada, karibu mbele." Kumbe wanaume waliosimama mlangoni, nyuma yetu, walishaamua kila kitu.

Usibishane na mwalimu wako. Wahi mtoni, ukae nyuma, ushike kafi. Shikamoo umpe ukiwa umeshakaa.

Bibi yako,
Mwanahawa