Amri ya Korti Ndani ya Plastiki

Jumatano, 13 Agosti

Tumeshinda! Korti imesema kaunti isiguse vibanda vyetu hapa soko la Pioneer mpaka kesi isikizwe. Siamini. Mama ameuza viazi hapa tangu akinibeba mgongoni, halafu notisi ya siku tatu tubomolewe! Wakili Kituyi anasema jaji aliwauliza watu wa kaunti, mliongea na hawa watu kwanza? Kumbe serikali huulizwa maswali!

Mzee Wahome, mwenyekiti wetu, amenipa hiyo amri. Eti Ciru ndiye amesoma, aipeleke kaunti wapige mhuri, ndio wasiseme hawakuiona. Nimeitikia na kichwa tu. Mimi na kuongea...

Alhamisi, 14 Agosti

Mama amesema karatasi kama hii haitembezwi uchi. Kwetu cha maana hulaminetiwa, kinafungwa ndani ya plastiki — cheti cha ubatizo, picha ya Guka, babu yangu, kila kitu. Nimeenda saiba, kwa wale wa kompyuta, wakailamineti. Inang'aa! Mama ameibusu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nimekuta kaunti wamefunga.

Ijumaa, 15 Agosti

Nataka kufa.

Karani aliisoma yote, akapiga mhuri. Wino ukateleza. Akapiga tena, akapangusa na kidole — hakuna kitu! "Wewe msichana, hii ni amri ama menyu ya hoteli?" Ofisi nzima ikacheka. Akasema nilete nakala nyingine. Nikakimbia kortini. Wamefunga mpaka Jumatatu. Nikashika simu nimpigie Wakili. Nikaiweka chini.

Nyumbani Mama alikuwa anakatakata sukuma akiimba. Akauliza, walipokea? Nikasema ndio. NDIO! Sijui ilitoka wapi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tinga la kaunti liko hapa kubomoa. Saa mbili asubuhi! Naandika nyuma ya magunia. Kibanda cha Cherono kimeshalala, mabati na nyanya pamoja. Mama amesimama mbele ya tinga, ameinua plastiki juu.

Mkubwa wa askari wa kaunti: "Mama, mhuri wetu uko wapi? Hata mimi naweza kuprint."

Kiprono wa viatu: "Si usome kwanza, afande! Ama ulienda shule kucheza mpira?"

Watu wamecheka. Yeye hajacheka. Simu ya Wakili haishiki.

Karani aliisoma! Kaunti wanajua! Lakini nikisema hilo, lazima niseme na lile lingine, kwamba mhuri haukushika na Mama nilimdanganya.

Mama anamwambia huyo mkubwa kwamba msichana wake mwenyewe aliipeleka, wakapokea. Dereva amezima injini.

"Ciru! Toka huko uwaambie!"

Wote wameangalia magunia.