Vitabu Vyote Vimeazimwa

Kaka yangu,

Kwetu wazima. Mguu wa Mama umepona, na paa la maktaba halivuji tena.

Jana wale uliowatuma waje kuifunga maktaba yetu ya mashairi walifika na lori. Walipokuta rafu tupu wakaja juu. Nikawaambia, "Vitabu vyote vimeazimwa. Kanuni yetu, msomaji harudishi kitabu mpaka akariri shairi moja, na hatumharakishi mtu."

Mtaa mzima unakariri, Kaka. Hata mwalimu mstaafu, na kile kichwa chake chepesi, ghafla hashiki ubeti mmoja!

Kitabu chako cha mashairi ya ujanani, unachokionea haya siku hizi, anacho Mama. Ukikitaka, njoo umnyang'anye mwenyewe.

Ni mimi dadako, mkutubi bado.