Katoni ya Matiti

Lubumbashi, Jumapili baada ya ibada

Yaya wangu Kasoki, dada yangu mkubwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta unapumua vizuri, na lile goti lako limekubali kupanda njia ya kanisani. Mama je? Bado anakataa sweta na baridi yote ya huko? Watoto wanasoma, au shule zimefungwa tena? Kila tukisikia habari za barabara za upande wenu usingizi unakatika, na wewe kwenye simu unajibu tu "tuko", kana kwamba "tuko" ni habari. Mimi mwili ni mzima. Mwili mzima kabisa, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Barua hii anaileta mama mmoja wa kwaya yetu anayepanda ndege kuja Beni, karibu na kwenu, maana simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Siku si nyingi mama mkwe atafika hapo kwako Butembo. Atalia, atakuambia nimemuuza mwanawe kwa polisi. Mpe chai, msikilize, ni mzee. Lakini nataka uwe umesikia kwangu kwanza.

Unakumbuka ulinitumia ujumbe wa sauti, unacheka, unaniuliza: "Masika, umechagua ya maji au ya gel?" Sikukujibu. Sasa nakujibu.

Usifikiri nilisukumwa. Nilitaka mwenyewe. Nimenyonyesha watoto sita, yaya, kifua changu unakijua, wewe ndiwe uliyenikanda mgongo kwa mtoto wa kwanza. Nikisimama kwenye kioo nilikuwa naona soksi mbili zimeanikwa. Tulipohamia hapa mtaa wa Golf, jirani yetu alirudi kutoka Afrika Kusini na kifua cha msichana, na mume wangu, huyo Kambale unayemjua kwa kununa, akaanza kumsalimia kwa Kifaransa juu ya ukuta. Nilicheka, lakini iliniuma sana. Aliposema, "Mama Josué, na wewe nitakufanyia," nilikubali kabla hajamaliza.

Tukaenda kwa daktari, mwanamke mtaratibu ambaye hana haraka ya pesa ya mtu. Akaweka mezani vifuko viwili vya kutia ndani ya matiti.

"Mama, hii iko na mayi ya munyu," akasema. "Ikipasuka, ziwa inanywea palepale, unaona mwenyewe, na mwili inakunywa ile mayi bila mubaya. Hii ingine iko ya gel. Ukigusa, inafanana sana na ziwa ya kweli. Lakini ikipasuka, unaweza kwikala myaka bila kujua. Inaomba kupiga picha na mashini mukubwa, na ile mashini, hapa kwetu, unajua mwenyewe."

Akachukua kifuko cha gel cha mfano, akakikata kwa mkasi mbele yetu. Kilichokuwa ndani kilikaa pale pale, kama ugali uliolala ukiukata na kijiko. "Ya muzuri haitiririke," akasema. Akatueleza kwamba kuna ya mviringo na ya umbo la tone, na la tone linaweza kugeuka ndani likatazama pembeni. Kuna laini na ya kukwaruza, na ya kukwaruza nchi nyingine zimeyaacha kwa ajili ya ugonjwa fulani, hata kama ni wa nadra. Kila kifuko kina namba yake peke yake, na karatasi ya ile namba unatunza. Na hakuna cha maisha, siku moja utarudi mezani kukibadilisha.

Nikamwuliza, "Docteur, wewe ungechagua gani?"

"Miye, mama, siwezi anza na 'gani'. Minaanza na 'juu ya nini', sababu gani."

Wakati huo Kambale alikuwa anaviminya vile vifuko kwa dole gumba, hiki na hiki. "Docteur, garantie iko ya myaka ngapi? Na fournisseur wenu anatokea wapi?"

"Papa, haiko matelas, godoro ya kulalia," daktari akamjibu.

Kwenye gari alinuna mpaka nyumbani. Unawajua wanaume wetu. Kununua kwa mtu mwingine kitu ambacho unaweza kukileta mwenyewe ni aibu kwao kuliko kutembea bila viatu. Akampigia simu yule fournisseur wa China anayetutumia vikwembe, vitenge vyetu vya kuuza, na sahani. Fournisseur hauzi mawili, anauza katoni. Basi Kambale akaagiza katoni. Katoni ya matiti, yaya! Ilikuja katikati ya mabelo, marobota ya vikwembe, na kontena likakaa mpakani Kasumbalesa kwenye jua la Oktoba wakati wanabishana karatasi.

Aliifungua kwenye depo, duka letu la vikwembe, juu ya meza yetu ya kukatia. Visanduku vilikuwa vyeupe, bila hata herufi moja, ila namba ndogo chini. Kando yake, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na bunda la etiketi za kubandika. Wewe umewahi kuja depo, umeona. Ndivyo vinavyokuja hata vikwembe vyetu: kitambaa peke yake, etiketi peke yake, na sisi tunabandika jina ambalo wateja wa msimu ule wanalipenda. Soko zima linajua, na bei yenyewe inamwambia mnunuzi. Kambale akakaa kama kila siku, akalamba kidole, akaanza kubandika. Hapa gel, hapa mviringo, hapa kubwa.

"Mama Josué, unataka gani? Sema tu. Byote biko."

Nikachukua sanduku moja, nikachukua la pili. Namba zao zilikuwa sawa. La tatu, namba ile ile.

"Baba Josué, ndani yake kuko nini?"

"Ndani kuko kile etiquette inasema."

Nilitia kimoja kwenye mkoba nikampelekea daktari. Alivaa glavu kwanza. "Miye siwezi tia hii ndani ya muntu," akasema. "Hata ndani ya imbwa, hapana." Nikamrudishia Kambale maneno hayo jinsi yalivyo. Akasema madaktari wa hapa wanalinda biashara yao, kuna bwana mmoja Kipushi anapasua kwenye chumba cha nyuma, haulizi maswali mengi. Nikakataa. Tuligombana mpaka watoto wakatoka nje. Mwisho akanyamaza, nami nikafurahi kwamba nimeshinda. Sikujua kwamba katoni ilikuwa imeanza kupungua.

Bijou nilikuambia habari zake, yule msichana wa kaunta yetu, mtoto wa Kipushi, anayecheka na wateja kwa lugha nne. Nilimpenda. Na lingine nalo nililijua, yaya. Mwanamke hahitaji kuambiwa. Mume wangu alikuwa analiita jina lake kwa sauti ya chini kuliko majina mengine. Nilikuwa nimeamua kutoangalia upande ule.

Siku moja Bijou akakosa kazini. Malaria, tukaambiwa. Kisha mama yake, anayeuza mikate huko Kipushi, akanipigia simu: wamemleta hospitali hapa mjini, wanamtibu malaria, wanamtibu tifoidi, homa haishuki, na mtoto hataki mtu amguse.

Nikaenda. Joto lile, na yeye kajifunika blanketi mpaka kidevuni. Mama yake alipotoka kutafuta maji nililishusha. Sitakuandikia nilichokiona. Kifua kilikuwa chekundu na kigumu kama meza, na harufu.

"Mama Josué, usiseme," akaniambia. "Papa Josué atafungwa."

"Nani alikutia hii, Bijou?"

"Ule wa Kipushi. Papa alisema iko ile ile yenye alikuletea weye. Njo mana nilifurahi."

Nilirudi depo. Nikachukua kifuko kimoja katika vile vya katoni, nikakikata kwa mkasi wa vikwembe jinsi nilivyoona kwa daktari. Hakikukaa pale pale. Kilitiririka kwenye vidole vyangu mpaka kiwiko, na kilinuka gundi ya viatu.

Nikakaa chini kati ya mabelo. Nikisema, baba wa watoto wangu anaingia gerezani, na depo inafungwa, na kila mtu wa kwetu katika mji huu ananigeuzia mgongo. Nisiposema, msichana anakufa kwa malaria ambayo hana. Na sitakuficha wewe: wazo la kumwacha afe lilikuja. Lilikuja, likakaa nami kidogo hapo chini. Ulikuwa mkono wangu uliolifukuza, maana ile gundi ilianza kuniwasha, nikafikiri, huyu anayo ndani.

Nilibeba katoni nzima kwenye gari. Nikaiweka mezani mbele ya daktari wa zamu na kile kifuko nilichokata juu yake. Nikasema, "Hiki kiko ndani ya Bijou. Kimetoka kwetu."

Walimpasua siku ile ile wakavitoa. Lakini damu ilikuwa imekwisha kuharibika. Alifariki Jumatano, mama yake akimshika miguu.

Kambale alivuka mpaka kabla polisi walioitwa na hospitali hawajafika nyumbani, simu yake imezimwa. Wazee wa mutuelle yetu, chama cha watu wa kwetu hapa, wamekuja, wamekaa kwenye viti vyangu, wamekunywa soda yangu. "Mama, mambo ya nyumba haitoke inje. Tungaliongea na famille ya mutoto." Mmoja akasema mali haina kosa, kosa ni la mkono wa yule aliyepasua. Nikamwuliza kama ile mali angempelekea mkewe. Akachukua kofia yake.

Juzi mama yake Bijou alikuja depo na dada yake. Unajua desturi ya hapa, mwajiri anatoa kikwembe cha kumfunika marehemu. Nilifikiri atanitemea mate, na ningelipokea. Alipita kwenye rafu akishika vitambaa, kimoja kimoja, akikwaruza etiketi kwa ukucha. Bijou alikuwa amemweleza kazi yetu. Akasimama, akanigeukia.

"Mama, moja yenye iko ya kweli, haina?"

Nikafunga depo, nikawachukua mpaka nyumbani. Nikafungua sanduku langu, nikatoa kile kikwembe cha buluu ulichonipa siku ya mahari, kile cha Mama. Kimechoka kwenye pindo, etiketi ilianguka zamani zile.

"Hii moja, mama," nikamwambia, "iko ya kweli."

Alikisugua kati ya vidole, akakinusa, akakikunja. Leo ndicho kilichomfunika Bijou, mpaka kidevuni. Nisamehe, yaya. Najua ulitaka nizikwe nacho mimi.

Sijui kama nitabaki hapa. Jana polisi waliweka kufuli depo, na watoto wanauliza baba yuko wapi. Nikija, nitakuja na wote sita, kwa hiyo uanze kuzoea makelele. Hata ukiona vigumu kunipokea, niambie tu wazi, usinijibu "tuko".

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Nisalimie shemeji yangu mume wako, na mdogo wetu Kahindo, amalize shule asimsikilize mtu. Shangazi wa Musienene mwambie maombi yake yanafika, ila yanachelewa njiani. Na mama mkwe akija, baada ya chai, mwambie mkwewe hakuchagua ya maji wala ya gel.

Mdogo wako, na kifua changu kile kile,
Masika