Laddu za Profesa

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke, nimewazika kaka zangu wote, na kile kiwanda cha magari cha Longbridge kimekufa mimi niko. Nimefunga kilemba. Nimekunywa chai ya binti yangu Jasbir, maji ya kusuuzia sufuria. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika gereji, Nakuru. Hapa Handsworth, Uingereza, nyumba nzima hakuna anayekijua, hakuna wa kuchungulia.

Habari: mkwe wangu Ravi, daktari wa kompyuta, yunivasiti wanampa uprofesa. Huyu nilimtoa Pune, India, mimi. Nilimchagua kama injini, kwa kumsikiliza. Sijawahi kukosea injini.

Jumanne, 7 Machi
Nimegawa laddu, peremende zetu za sherehe, mtaa wa Soho Road wote. Gurdwara, hekalu letu Masingasinga, nimejiandikisha: chakula cha Jumapili cha watu wote nalipia mimi, na kwenye dua granthi wetu, msomaji wa Kitabu kitakatifu, atatangaza sababu kwa spika. Profesa Ravi. Karim wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa, amekula huku ananicheka. "Kalasinga, ni profesa kweli ama ni mdomo wako?" Mjinga.

Alhamisi, 9 Machi
Kinyaa. Ravi kaja, kakaa, kasema uprofesa ameukataa. Anahamia kampuni ya programu. "Baba, uprofesa ni mikutano tu. Mimi nataka kuunda vitu." Nimemwambia laddu zimeshaliwa! Kasema hakunituma nigawe. Jasbir yuko upande wa mumewe. Sikula.

Ijumaa, 10 Machi
Ravi kanipeleka nikaione hiyo kampuni. Aibu. Watu wazima na kaptula. Daktari wangu kavaa patipati, vidole nje, baridi hii! Biskuti juu ya mashine, makombo kila mahali. Hakuna anayemwita Daktari. "Ravi, Ravi," kama mbwa.

Nikataka kuondoka. Hapo wakakwama, programu inazimika katikati. Ravi akavuta kiti. Akasoma mstari kwa mstari. Halafu akacheka peke yake. Ameipata. Kicheko hicho nakijua. Nilikuwa nikicheka hivyo chini ya lori, likikubali kuwaka.

Bado kinyaa.

Jumamosi, 11 Machi
Kesho granthi atasema Profesa mbele ya Kitabu. Kumdanganya Karim sawa. Mungu je? Nikifuta, Soho Road itanicheka mpaka nife. Mimi sijawahi kurudisha neno.

Jumapili, 12 Machi
Kabla ya dua granthi kauliza, "Profesa nani vile?" Nikamwambia futa. Sema Ravi, fundi. "Fundi?" Fundi, kama baba mkwe wake. Akatangaza. Watu wakageuka. Nilikaa kichwa juu.

Karim hakosi chakula chetu. "Fundi! Sasa Kalasinga, laddu turudishe?"

"Zitapike."

Alicheka mpaka dengu zikammwagikia. Ravi alikuwa anagawa chapati, alisikia yote. Kaniongezea moja.

Jumatatu, 13 Machi
Mvua. Ravi kapita akienda kazini. Patipati tena. Nimempa soksi zangu za sufu. Kazivaa na patipati hizo hizo. Kinyaa kitupu.

Neno nimerudisha mara hiyo moja tu. Asiyeamini amuulize Karim, duka la vitambaa. Yule hanipendelei.