Pumzi ya Shamsi

Dar es Salaam
10 Julai 2012

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo hapo Kibondo, na miguu yako imepungua kuvimba. Mimi mzima, ila kikohozi hakijaniacha tangu Mei.

Nina habari. Orkestra moja ya Nairobi imenialika Desemba nikapulize saksafoni mbele yao, dakika ishirini, wao wakinifuata. Mama, miaka kumi na tano nafundisha chuo kikuu na kufanya mazoezi kila alfajiri, na hili ndilo nililokuwa nalingoja. Likinipita, sidhani kama litarudi.

Uwaambie wenzako wa sokoni si dansi. Ni muziki wa kuandikwa, watu wanakaa kimya wanasikiliza.

Nakuja likizo mwezi wa nane.

Mwanao,
Shamsi

Kibondo
2 Septemba 2012

Mwanangu Shamsi,

Marahaba, na mwakeye, salamu ya kwetu. Sisi wazima. Ulifika salama? Andika, maana simu na masikio yangu havipatani.

Kidonda cha koo kimekauka? Sukutua maji ya chumvi, na pilipili uache. Si nilikwambia? Mganga Makarius wa Kasulu hakosei. Alimulika tochi akakiona kimeo chako kimening'inia mpaka kinagusa ulimi, kumbe ndicho kinachokukohoza! Kaka zako wote walikatwa wadogo, wewe ulibaki kwa sababu marehemu baba yako alikudekeza. Sasa hiyo Nairobi utapuliza kwa raha.

Watu wakiniuliza mwanao anafundisha nini huko chuo kikuu, nasema tarumbeta. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu.

Mama yako,
Tunu

Dar es Salaam
28 Januari 2013

Shikamoo mama,

Hamjambo? Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Nairobi nilikwenda, nikarudi. Samahani nimechelewa kuandika, kazi ni nyingi. Msalimie mdogo wangu Firdausi na mwanawe.

Shamsi

Kibondo
19 Mei 2013

Mwanangu Shamsi,

Hujambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Ila we mtoto, barua ya mistari miwili! "Nilikwenda, nikarudi", ndiyo habari gani hiyo? Walikupigia makofi? Ulivaa nini? Au umeshakuwa mkubwa, mama wa sokoni unamwonea aibu?

Huku mjukuu wangu Zena anakohoa. Mdogo wako Firdausi alikuwa anasitasita, mtoto ana miaka minne tu, nikamwambia mtazame kaka yako, amekatwa kimeo na anapuliza mpaka Nairobi. Amekubali. Tukimaliza kuvuna maharage tunampeleka Kasulu.

Mama yako,
Tunu

Dar es Salaam
27 Mei 2013

Shikamoo mama,

Natumaini mnaendelea vizuri. Tafadhali msimpeleke Zena. Firdausi nimeshampigia simu, lakini wewe nataka usome mwenyewe.

Nairobi sikupuliza. Makarius alikata kimeo pamoja na nyama ya nyuma yake. Saksafoni inataka pumzi yote ipite mdomoni, kwa nguvu, na yangu sasa inatokea puani. Nilijaribu miezi mitatu. Siku ya mazoezi kule Nairobi, mbele ya watu sitini, pua ikatoa mlio kama wa mtu anayekoroma. Vijana wa nyuma wakainama wasionekane wanacheka. Nikafunga saksafoni kwenye kasha nikapanda basi.

Daktari wa koo anasema ndiyo basi tena. Chuoni nimebaki kufundisha kusoma noti. Wanafunzi wakiniomba niwapulizie kidogo wasikie, nasema nina haraka.

Sikulaumu, mama. Ulitaka nipone.

Mwanao,
Shamsi

Kibondo
14 Februari 2014

Mwanangu Shamsi,

Hujambo? Zena hakupelekwa. Alipewa dawa hospitali, akapona.

Nimekaa na barua yako miezi tisa. Nilikwenda Kasulu nikamwambia Makarius umemharibu mwanangu. Akanijibu, mama, wewe ndiye uliyemleta, na wewe ndiye uliyemshika kichwa. Kweli. Ulitaka kuinuka nikakukandamiza mabega, nikasema tulia, mtoto gani huyu.

Kila ukimpigia Firdausi unasema huna neno na mama. Una neno, Shamsi. Mtu hawezi kunyang'anywa kazi ya maisha yake akakosa neno. Nilaumu. Andika barua nzima, na usitie salamu. Hilo "sikulaumu" lako limeninyima usingizi.

Mama yako,
Tunu

Dar es Salaam
2 Machi 2014

Mama,

Nakulaumu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wa chuo kikuu, nikakaa kwenye kigoda cha Makarius kwa sababu wewe umesema nikae. Mtu mwingine yeyote ningemkatalia. Kazi ya miaka yote ile ikaisha kwa dakika moja, na wewe ukanifuta damu kwa khanga yako ukanisifu kwamba sikulia.

Nakulaumu kwa Nairobi. Nakulaumu kwa kila alfajiri ninayoamka saa ile ile na sina la kufanya.

Na mimi najilaumu. Kila likizo nilisema saksafoni nitakuletea mwakani, safari ni ndefu, vumbi litaiharibu. Hukunisikia hata siku moja, na sasa hutanisikia.

Nimeandika ulivyotaka.

Shamsi

Kibondo
11 Machi 2014

Mwanangu,

Imefika. Nimeisoma yote, nikairudia. Ni kweli ulivyosema.

Njoo nyumbani, nataka nikuombe msamaha nikikuona.

Mama yako