Chai ya shoferi wa kutoka Komanda

Masika mutoto wangu,

Jambo kwako na kwa batoto. Siye tulifika Bunia wazima, mavumbi tu ndiyo ilitukula. Nimekununulia samaki ya kukauka ya Tchomia. Inanuka mu kabine yote ya kamioni, baba yako amenuna.

Leo asubui tulikuwa tayari kurudi, moteri inaunguruma. Radio ilisema njia ya Komanda, yenye vita ilifunga, imefunguka. Lakini unamujua baba yako: mu kazi ya kamioni, hatokake bila kuuliza kwanza mutu mwenye kutoka kule. Basi shoferi moja akafika toka Komanda. Nikamupa chai na mandazi. Baba yako akamuuliza, "Ndugu, kule iko namna gani?"

Akacheka mbele ya bashoferi bengine. "Papa, endeni tu. Iko kimya, hata mbuzi inalala mu barabara. Ao ni mama ndiye anakuogopesha?"

Bote bakacheka. Mimi niliangalia mikono yake. Kikombe kilitetemeka, chai ya moto ikamumwangikia ku magoti, na hakusikia. Mandazi hakugusa. Banaume habasemake woga mbele ya benzabo, mutoto wangu. Nikamufinya baba yako mukono. Naye akaangalia kikombe, akapanda mu kamioni, akazima moteri.

Tutangojea konvoi, twende na bengine na basoda. Uombe na batoto mbele ya kulala. Ukisikia ku radio habari mubaya ya njia, usilie: siye bado hatuyatoka Bunia.

Mama yako, mwenye kukupenda sana.